Vyakula vya oganiki na vya afya kwa familia hapa Arusha: unavipataje bila kupigwa

Naanza na kisa changu maana ndo kilinifundisha. Kuna duka moja hapa mjini, silitaji jina, lilikuwa na friji safi la kioo, ndani nyanya zimepangwa kwenye vitrei vimefungwa nailoni na stika ya kijani imeandikwa oganiki, trei moja nyanya sita kwa hela ambayo soko la Kilombero unabeba karibu sado nzima. Nikanunua kama miezi mitatu hivi, mzee wa nyumbani analalamika bei mimi nampa somo la afya. Asubuhi moja nimewahi soko la Kilombero kufuata vitunguu, namuona kijana wa lile duka na tisheti yake ya kazi, kainamia tenga la nyanya anachagua nzuri nzuri, kwa mama yule yule niliyekuwa namkimbia mimi. Tukatazamana. Akasema "shikamoo mama", nikaitikia marahaba, akaendelea kuchagua.

Tangu siku ile nikaanza kutafuta kwa akili, na haya ndo niliyoyaokota, nayaandika kwa ajili ya wamama na wababa wenzangu wanaouliza kila siku "wapi nitapata vitu vya oganiki Arusha". Swali zuri ila limeanzia katikati.

Kwanza ujue neno lenyewe linamaanisha nini, maana kila mtu analitumia anavyotaka. Oganiki, au kilimo hai kama tunavyoita, ni mazao yaliyolimwa bila viuatilifu vya kiwandani, bila mbolea za kiwandani, na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kuna mtu amekwenda shambani kuhakikisha. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha pamoja tangu 2007 na alama yake inaitwa Kilimohai. Hapa Tanzania wanaosimamia harakati hizi ni TOAM, ambao ni mwamvuli wa wakulima na wadau wa kilimo hai. Sasa mkulima anaweza kupata hiyo alama kwa njia mbili, aidha kampuni ya ukaguzi inakuja inakagua, au wakulima wenyewe wanakuwa kikundi wanakaguana mashamba kwa utaratibu ulioandikwa, na hii ya pili ndo inayowafaa wakulima wetu wadogo maana ya kwanza ni gharama. Kwa hiyo ukiona stika ya oganiki tupu, haina Kilimohai, haina jina la kikundi, haina hata kijiji, hiyo ni stika tu, hata mimi naweza kuprinti pale stendi. Na maneno kama "asilia", "fresh", "kutoka shambani" ndo kabisa, hata maji ya bomba ni asilia ukitaka.

Ukiingia dukani usiulize "hii ni oganiki?" maana jibu ni ndiyo hata kabla hujamaliza. Muulize muuzaji imelimwa na nani, wapi, na inaletwa siku gani. Duka linalonunua kweli kwa wakulima linajua, atakuambia hii inatoka kwa kikundi cha sehemu fulani wanaleta Jumanne na Ijumaa, leo karoti hakuna kwa sababu hazijakomaa. Hilo la "leo hakuna" mimi nalipenda sana, duka lenye kila kitu mwaka mzima tena kimenyooka saizi moja linanunua sokoni kama mimi na wewe. Na ukweli ni kwamba vitu vyenye cheti kabisa utakavyokutana navyo kirahisi madukani ni vile vikavu vya kufungwa, kahawa, chai, viungo, asali, matunda makavu. Mboga mbichi zenye cheti ni chache, nyingi zinapita kwa vikundi vinavyouza moja kwa moja kwa wateja wao.

Hao wa moja kwa moja siku hizi wako kwenye magrupu ya WhatsApp, wanatuma orodha Jumapili jioni, unachagua, Jumatano boda anakuletea kikapu. Mimi niko kwenye moja mwaka wa pili huu na naridhika, lakini kabla sijajiunga niliomba kwenda kuona shamba. Omba hivyo hivyo. Mwenye shamba la kweli anafurahi, atakuonyesha na mboji yake na ng'ombe wake na dawa yake ya mwarobaini na pilipili kwenye dumu, hutoki mapema. Wa kwanza niliyemwomba alinipa sababu wiki nne mfululizo, mara mvua, mara msiba, mara barabara, nikamwelewa. Na ukifika shambani angalia pembeni pembeni, kwenye mfereji na chini ya mgomba, makopo matupu ya dawa hayadanganyi.

Ila wengi wetu bajeti ya kikapu cha kila wiki haipo, tuseme ukweli, basi twende sokoni, na huko ndo penye raha.

Soko langu mimi ni Tengeru, Jumatano na Jumamosi, barabara ya Moshi kama kilomita 13 kutoka mjini, unapanda hiace unashuka hapo hapo. Kwa nini Tengeru na siyo Soko Kuu au Kilombero? Kwa sababu Kilombero mzigo mwingi umeshapita mikono mitatu minne, dalali hajui nyanya imelimwaje na wala hajali, lakini Tengeru bado kuna wamama wanaoshuka wenyewe kutoka juu mlimani, Akheri, Nkoaranga, Poli, na walichovuna asubuhi ile. Utawajua. Mwenye meza kubwa na turubai na nyanya ndoo ishirini ni mchuuzi, hana ubaya lakini ni mchuuzi. Mkulima kakaa chini kwenye kiroba, ana mafungu sita ya mnafu, parachichi kumi na mbili, mkungu mmoja wa ndizi, na mayai kwenye kikapu cha pumba. Vitu vichache vya aina nyingi. Huyo ndo wa kukaa naye.

Na hapa nikupe siri ambayo imenisaidia kuliko stika zote. Usimuulize mkulima "umepiga dawa?" Hakuna atakayekujibu ndiyo, wewe mteja na yeye anataka hela ya daladala kurudi. Muulize kama mtu anayejua shida zake. Mimi nilimwambia bibi mmoja pale, "Bibi shikamoo, kantangaze mwaka huu amewaacha kweli?" Kantangaze ni yule mdudu anayetoboa nyanya, amewatesa sana wakulima wetu. Bibi akaweka mkono kiunoni, "Marahaba mwanangu, ametumaliza! Nimepiga mara tatu wiki hii tena nimechanganya mbili, hazishiki." Sasa hapo nilikuwa nimeshika nyanya zake mkononi. Nikazirudisha taratibu nikasema basi leo nichukulie mnafu, akacheka mwenyewe, akaniambia "mnafu huu haujui dawa, uko nyuma ya banda la ng'ombe". Tangu hapo ni mtu wangu, na nyanya zikiwa salama ananipigia simu mwenyewe.

Tukiwa hapo kwenye nyanya tukae kidogo maana ndo zinaingia kwenye sufuria ya kila nyumba kila siku. Ile nyanya yenye vumbi vumbi jeupe au la bluubluu kwenye shingo karibu na kikonyo, ile ni dawa ya ukungu iliyokaukia. Masika ndo inazidi, mvua ikikolea ule ugonjwa wa ukungu wa baka jani unapiga, shamba linaungua kama limepitiwa na moto ndani ya siku chache, mkulima wa watu atafanyaje, anapulizia, mvua inaosha, anapulizia tena. Na kuna watu wanaichagua hiyo yenye vumbi makusudi eti inakaa muda mrefu! Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko chake, shida ni pale bei inapopanda ghafla na tajiri wa kirikuu kashafika shambani, nani atasubiri siku saba. Wenye mamlaka ya mambo haya wako hapa hapa kwetu Ngaramtoni, TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wale zamani TPRI.

Kuosha kunasaidia, osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa vidole, siyo kuichovya kwenye beseni moja na vitunguu na karoti. Lakini kuosha kunatoa ya juu tu, zile dawa zinazoingia ndani ya mmea hazitoki hata ukiosha na chumvi na siki na maji ya moto. Kwa hiyo hapa ndo pa kutumia hela yako kama unayo kidogo. Mimi hela ya ziada naiweka kwenye nyanya, hoho, kabichi, spinachi na vile vinavyoliwa vibichi na watoto kama karoti na stroberi. Ndizi, nanasi, parachichi, machungwa, viazi vitamu, mihogo, magimbi, hivyo vina ganda au viko ardhini na havipigwi sana, nanunua popote, sihangaiki. Na lile la "chagua jani lenye matundu ndo halina dawa" msilishike sana, jani linaweza kuwa limetoboka juzi na limepigwa jana.

Mboga zetu za asili ndo mkombozi wa mama mwenye bajeti. Mnafu, loshuu, mgagani, mchicha wa kienyeji, majani ya maboga, majani ya kunde. Zinakomaa haraka, zimezoea wadudu wa hapa, na kwa kawaida mkulima hazipulizii kama anavyopulizia kabichi ya kupeleka Dar. Tena wataalamu wa mboga wa dunia nzima, World Vegetable Center, wana kituo chao hapo Tengeru upande wa Duluti na hizo hizo mnafu na nyanya chungu ndo wanazitafiti, wakati sisi tunawaambia watoto ni chakula cha kijijini. Kitu kimoja tu, uliza maji. Mchicha mwingi wa mjini unalimwa pembezoni mwa mito inayopita katikati ya makazi, Themi na wenzake, na kila mtu anajua kinachomwagwa mle. Mchicha mrefu laini wa kijani kibichi sana unaouzwa bei chee karibu na mto, mimi sigusi, hata kama hauna dawa una mengine.

Mko Moshi? Nyie mmebarikiwa mna vihamba. Kihamba cha Mchagga, kahawa chini ya mgomba, mgomba chini ya mti, samadi ya ng'ombe wa ndani inarudi kwenye mgomba, hiyo ni oganiki ya miaka na miaka kabla stika haijazaliwa, FAO wenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliweka kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Mama mkwe wangu Kibosho hajawahi kusikia neno oganiki na anakula oganiki asubuhi mchana jioni. Ila na yeye kahawa yake inapigwa dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ile dawa ya bluu, kwa hiyo mboga iliyooteshwa chini ya kahawa uliza kahawa imepigwa lini. Ukishuka mjini Mbuyuni pale ni nafaka na jumla zaidi, kwa ndizi, magimbi na mboga za vihambani panda magulio ya mlimani kama Marangu Mtoni au Mwika, siku zake waulize wenyeji. Maziwa nayo huko yako vizuri, Nronga kule Hai wamama wana ushirika wao wa maziwa tangu 1988.

Maziwa popote uliponunua ya dumu, chemsha. Sitaki kusikia habari ya "ya moto kutoka kwa ng'ombe yana nguvu", yana na homa ya kutupa mimba, ile brusela. Na ukishazoeana na mfugaji muulize ng'ombe akichomwa dawa ya kiwele maziwa ya siku zile anayapeleka wapi. Mfugaji mzuri atakuambia anamwaga.

Sasa nafaka, na hapa naomba mnisikilize kuliko hata kwenye nyanya, kwa sababu kitu kinaweza kuwa oganiki asilimia mia na kikamuua mtoto. Sumukuvu. Ni sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizoanikwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu, haina rangi haina ladha, na kupika hakuitoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi. Wengi tumehamia dona kwa ajili ya afya na ni vizuri, lakini dona halijakobolewa, likiwa la mahindi mabovu unakula na ganda lenye ubovu. Kwa hiyo sinunui dona la mfuko ambalo sijui limetoka wapi, nanunua mahindi debe, nayachagua kwenye ungo mimi na wanangu tukiangalia tamthilia, yaliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu, yaliyotobolewa yote tunatupa (na kuku usimpe, sumu inarudi kwako), naosha naanika juani mpaka yakauke kweli, napeleka mashine. Usumbufu? Ndiyo, Jumamosi moja kwa mwezi.

Unga wa lishe ndo ninaouogopa zaidi, ule wa mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, mchele, vyote humo, unaouzwa kwenye makopo mazuri na picha ya mtoto mnene. Vitu sita, na hujui hata kimoja kilichaguliwa na nani, na karanga ikishasagwa ikakaa kwenye unga huwezi kuiona kama ilikuwa mbovu. Kwa mtoto mimi nasaga ulezi peke yake au na mahindi niliyochagua, karanga nazichambua punje punje, nazikaanga kidogo nazitwanga siku hiyo hiyo nachanganya kwenye uji. Ukilazimika kununua, tafuta wenye alama ya TBS, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na mahali ulipotengenezwa pameandikwa. Ukiona kopo bado linatamba na TFDA, wale wa zamani wa chakula na dawa, ujue aidha ni la zamani au mwenyewe hana habari, maana mambo ya usalama wa chakula yalihamia TBS tangu 2019.

Kitu kingine cha kwetu watu wa huku ambacho hakiandikwi kwenye makala za afya ni magadi. Maji ya upande wa Meru yana floraidi nyingi, ndo sababu ya yale meno ya kahawia tunayoyajua, na magadi tunayotia kwenye makande na maharage yanaongeza floraidi juu ya floraidi. Mkiwa na watoto ambao meno ya ukubwani bado yanaota, acheni magadi, lowekeni maharage usiku kucha, yanaiva tu. Na kuchemsha maji hakutoi floraidi, wale wa kituo cha Ngurdoto wanatumia mkaa wa mifupa kuichuja.

Supamaketi sizipondi, naenda, ila naenda kwa vitu vya kusoma lebo. Geuza paketi nyuma. Mkate wa brauni ukikuta cha kwanza ni unga wa ngano wa kawaida alafu mbele kuna rangi, huo ni mkate mweupe umevaa koti. Yogati ya watoto ina sukari nyingi, chukua mtindi mtupu uongeze ndizi mbivu. Boksi la juisi likisema ni kinywaji chenye ladha ya embe, embe lenyewe huenda halipo. Basi.

Asali watu wanawasha kiberiti, wanamwaga mchanga, sijui wanaweka kwenye karatasi, hayo majaribio hayana kichwa, na asali kuganda siyo uchakachuaji, nzuri nyingi inaganda. Nunua kwa mtu yule yule kila mwaka. Mimi wangu nilimpata Nane Nane, viwanja vya Themi pale Njiro, na hapo ndo mahali pazuri kuliko duka lolote kwa mtu anayeanza. Kila Agosti wajasiriamali wadogo na vikundi vya wakulima vya kanda yetu wako pale wiki nzima, unaonja, unauliza, na wengi hawana duka popote. Nenda na daftari, chukua namba za simu na kijiji, siyo vipeperushi. Namba nne nilizochukua mwaka ule ndo zinanilisha mpaka leo, mafuta ya alizeti ya kukamua, asali, mchele na huyu wa kikapu cha WhatsApp.

Nilichoshindwa mpaka sasa ni kuku. Kila anayesema kienyeji ukimchunguza ni chotara amelishwa pumba za dukani miezi mitatu, na mayai ndo hivyo, madogo ya kuku wa kisasa anayeanza kutaga yanauzwa bei ya kienyeji. Nasikia Kikatiti na kule njia ya Mbuguni wapo wa kweli wanaolala juu ya mti. Mwenye mtu wake huko aniambie, na aniambie na kama ana mtetea wa kuuza, maana naona mwisho wake nitafuga mwenyewe hapa uani, mwenye nyumba akikubali.